Uchochoro wa Mashuka

Kila asubuhi mama mkwe wangu aliitazama mbingu kabla hajamtazama mtu. Alifungua dirisha la chumba chake, akatoa mkono nje, kiganja kikiwa juu, akauacha hapo kama anayesubiri kuwekewa kitu. Mkono ukirudi mkavu, siku ilikuwa njema. Alikunywa chai, akamtania mjukuu wake, akauliza nani kamchukulia mto wake. Ukirudi na unyevu, hakukalika. Alizunguka nyumba nzima akigusa milango, mmoja baada ya mwingine, nami nikimfuata kwa macho. Kwenye nyumba ile ndiyo ilikuwa kazi yangu, kumfuata kila mtu kwa macho mpaka arudi alikotoka.

Mtaani walimwita Mama Mashuka. Alikuwa dobi tangu usichana wake, na nyumba ya kufulia ipo mpaka leo mwisho wa mtaa wetu: ukumbi mrefu wenye paa la mabati, makaro ya saruji pande zote mbili, pipa la maji ya moto kwenye kona, na harufu ya sabuni iliyoingia ukutani ikakataa kutoka. Nyuma yake ndiko vinakoanzia vichochoro. Ni vyembamba, vimepindapinda kama uzi uliodondoka chini. Asiyevijua huingia akitembea kwa maringo na humalizia akiita watu. Juu, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kuna kulabu za chuma zilizopigwa zamani sana. Nilipoolewa pale nilidhani ni za kutundikia taa.

"Za taa?" wifi yangu alinicheka, mikono kiunoni. "Kweli kaka yangu katuletea mgeni. Hizo ni za kamba, bibi harusi. Usije ukatundika taa ukatuunguza."

Habari za kulabu nilikuja kuzijua polepole, tukikunja mashuka. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Unashika ncha mbili huku, mwenzako mbili kule, mnalivuta mpaka linanyooka, kisha mnaendeana, mnakutanisha ncha, na mmoja anarudi nyuma kuokota mkunjo ulioning'inia. Mama mkwe wangu alisimulia tukikutana na kunyamaza tukiachana. Alinikaribia, uso wake karibu na wangu, akasema maneno machache kwa sauti ya chini, kisha akachukua ncha zangu nami nikarudi nyuma. Hadithi ilibaki hewani katikati yetu, nyeupe, inatikisika. Ndiyo maana naijua kwa vipande, na vipo vipande ambavyo mpaka leo sijui vinakaa wapi.

Askari wa kigeni walikuja mume wangu akiwa bado mtoto wa mgongoni. Walikuja na malori, na lugha ambayo hakuna aliyewaomba watufundishe. Walisema wamekuja kuwalinda watu. Kuwalinda na nani, hawakusema. Waliichukua shule wakaifanya kambi, na watoto wakashangilia kwa muda mfupi, mpaka walipoona kuwa hata uwanja wa kuchezea umechukuliwa.

Mtaani waliitwa wapangaji. Wamehamia bila kubisha hodi, wanakohoa ukutani, na kodi hawatoi. Jina hilo lilisemwa mbele yao kwa tabasamu. "Wapangaji wameamka." "Wapangaji leo hawana raha, wamegombana na mkubwa wao." Nao walipita wakiitikia kwa kichwa, wakidhani wanasalimiwa.

Walikuwa na ramani. Mtu wao alipanda juu ya paa la shule akachora kila nyumba na kila kijia, na kwa ramani hiyo waliwatafuta vijana waliokuwa wakikata nyaya zao za simu na kutoboa magurudumu ya malori yao. Mmoja wa vijana hao alikuwa mume wa Mama Mashuka. Kabla ya wapangaji alikuwa fundi wa simu. Nyaya alizozipandisha nguzoni kwa mikono yake ndizo alizokuja kuzikata, na aliujua waya wa kukata ili makao makuu yaite na kambi isisikie. Hakulala nyumbani tena. Alilala leo huku, kesho kule, humo humo vichochoroni.

Kambi nayo ilikuwa na uchafu kama nyumba yoyote. Mashuka ya askari yaliletwa kwenye nyumba ya kufulia kwa mkokoteni, marundo kwa marundo. Wapo wanawake waliosema hawagusi shuka la mpangaji hata kwa mguu. Mama mkwe wangu wakati huo alikuwa msichana mwenye mtoto mgongoni, na kwenye baraza za wakubwa hakuwa na sauti. Lakini siku hiyo alisema.

"Tuwafulie," aliwaambia. "Tena tuwafulie sana."

Wakafua. Wakasuuza, wakakamua wawili wawili, wakatia buluu kidogo, ile ya kung'arisha nguo nyeupe, mpaka mashuka yakawa meupe ya kuumiza macho. Na badala ya kuyaanika uani, walifunga kamba kwenye kulabu za vichochoroni, wakayaning'iniza mpaka yakagusa chini, safu nyuma ya safu. Askari alikuja na ramani yake, akafika mahali penye kijia, akakuta ukuta mweupe unaopumua. Akiinua shuka, nyuma yake kuna jingine. Akiinua hilo, anakutana na mwanamke mwenye vibanio mdomoni.

"Usishike. Ni ya mkubwa wako. Ukiyachafua utayafua mwenyewe."

Na kweli yalikuwa ya mkubwa wake. Wapangaji walifichiwa watu nyuma ya matandiko yao wenyewe.

Kesho yake kamba zilihamia pengine. Kijia cha jana hakipo, na palipokuwa na ukuta jana leo pana njia. "Mtaa ulikuwa unatembea," mama mkwe wangu aliniambia, ncha zetu zikikutana. Nikarudi nyuma, nikaokota mkunjo, nikamfuata tena. "Hata sisi wenyewe tulipotea. Siku moja nilipotea nikienda kwangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini."

Jua la mchana lilipopiga, alisema, vichochoro viligeuka mahali pengine kabisa. Mwanga ulipita kwenye mashuka ukawa laini, watu wakatembea ndani yake kama walio ndani ya maziwa, bila sauti ya nyayo, vivuli vyao vikiwatangulia kwenye kitambaa. Hapo ndipo alipokuwa akikutana na mumewe. Aliona kivuli anachokijua kikisimama upande wa pili. Mumewe aliweka kiganja kwenye shuka, naye akaweka chake hapo hapo, na shuka bichi katikati. "Mkono wake ulikuwa wa baridi," aliniambia. "Kumbe ni maji ya shuka. Lakini mimi kila mara niliwaza, huyu hana hata koti." Nilimwona akiukunja mkono wake na kuukunjua, kisha akanipokonya ncha zangu kwa haraka kama niliyechelewesha kazi.

Mashuka yalikuwa nusu ya mambo. Nusu ya pili ilikuwa jibu. Mtu mwenye sare akimuuliza mtu yeyote wa mtaa jambo lolote, fulani anakaa wapi, kijia hiki kinatokea wapi, jibu lilikuwa moja: mimi mgeni hapa. Mwoka mikate aliyerithi tanuri la baba yake ni mgeni. Kikongwe aliyewazalisha nusu ya mtaa ni mgeni. Watoto walifundishwa neno hilo kabla ya majina yao.

Lakini mashuka hayaanikwi kwenye mvua. Jambo dogo kama hilo. Siku ya mvua kamba zilikuwa tupu na vichochoro vilikuwa vile vile vilivyochorwa, na wapangaji nao hawakuchukua muda kuligundua. Mwanamke mmoja alijaribu kuanika hivyo hivyo, matone yakimpiga usoni. Wakamuuliza ni nani anayekausha nguo kwenye mvua, wakampiga mpaka akashindwa kusimama. Tangu hapo, wingu likijikusanya, waliokuwa wakitafutwa walikimbilia nyumba ya kupigia pasi, wakaingia nyuma ya rafu za mashuka yaliyokunjwa, wakakaa kimya mpaka mvua ikatike.

Asubuhi moja mvua ilikuja ghafla, na fundi wa simu alikuwa mbali na rafu. Mama mkwe wangu alisimama mlangoni pa nyumba ya kufulia, mtoto mgongoni, akamwona akikimbia. Kipande hicho aliniambia mara moja tu katika miaka yote, na aliliambia shuka, si mimi. "Uchochoro ulikuwa mtupu. Mpaka mwisho unaona."

Walimpakia kwenye lori. Hakurudi, wala mwili wake, wala salamu. Kesho yake jua lilitoka, mkokoteni ukaja, na mama mkwe wangu akafua. Hilo nililisikia kwa Bi Pasi, shoga yake wa siku zote, mpiga pasi wa nyumba ile. "Nilimwambia kaa leo, tutafua sisi," Bi Pasi alinieleza. "Akaniambia, na wengine walio huko nyuma watafichwa na nini?"

Wapangaji waliondoka baadaye, kama walivyokuja, kwa malori. Mume wangu alikua, akawa dereva wa lori, na mama yake hakuwahi kupanda lori lile hata kwa safari ya sokoni. Aliendelea kufua mpaka magoti yalipokataa. Mtaa nao uliendelea na jibu lake. Mpaka leo msoma mita ya maji akiuliza nyumba ya mtu huambiwa mimi mgeni hapa, na anayemwambia amevaa kandambili na ana mswaki mdomoni.

Ofisi ya mji iliwahi kutaka kuweka kibao cha ukumbusho kwenye kijia alikokamatwa fundi wa simu. Walimtuma bwana mmoja mwenye adabu zake, lakini alikuwa na kofia yenye nembo. Aliuliza mtaa mzima. Kila mtu alikuwa mgeni. Mwishowe kibao kilipigiliwa nyuma ya bucha, kwenye kijia ambamo hakujawahi kutokea kitu zaidi ya paka kupigana. Kila mwaka wakubwa huja kuweka maua pale, na watu wa mtaa huenda, wamevaa vizuri, husimama kwa heshima, kisha hurudi majumbani bila kusema neno.

"Mama, si tuwaambie?" nilimuuliza siku moja tukitoka huko.

"Kiache kikae huko huko. Kule kwetu watu wanapita. Kitawagonga vichwa."

Katika miaka yake ya mwisho alianza kuchanganya siku. Haikuwa kwa kelele. Alikuwa akipita kutoka wakati mmoja kwenda mwingine kama anayetoka sebuleni kwenda jikoni, na mlango aliuacha wazi nyuma yake. Aliniita kwa jina langu asubuhi, na jioni akaniuliza kama mtoto amelala, na mtoto mwenyewe alikuwa mume wangu, kichwa kina mvi, yupo safarini na lori. Nilijifunza kujibu. "Amelala, Mama." Binti yangu naye alijifunza. Kilichonikosesha usingizi ni presha yake. Daktari alinikalisha kwenye kiti akaniambia kwa upole kuwa vidonge visirukwe, mwili wake hauna pa kuegemea tena, akiviruka anaweza kuanguka na asiinuke. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiuangalia mdomo wake anapomeza, kisha koo, kisha namwomba afungue mdomo nione.

"Unanikagua kama forodhani," alikuwa akisema.

Vidonge viliisha jioni moja na duka la dawa lilikuwa limefungwa. Asubuhi nilikwenda mapema kuvinunua. Mbingu ilikuwa nyeupe, haijaamua. Nilimwacha amekaa kitandani na binti yangu anamchania nywele. Nilipokuwa narudi, mvua ilishuka kwa mkupuo mmoja, nami nikaanza kukimbia. Sijui kwa nini nilikimbia. Moyo wa mama huwa umetangulia nyumbani.

Binti yangu alikuwa uani, amekumbatia nguo zilizolowa. "Nimetoka kuanua tu, mama. Nimemwacha anakunywa chai." Tuliingia pamoja. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Kanga zake za nje hazikuwepo, na mlango wa mbele ulikuwa umerudishwa taratibu, kama afanyavyo asiyetaka kuamsha mtu.

Nilimwacha binti nyumbani, bibi yake asije akarudi akakuta hakuna mtu, nikatoka na vidonge mkononi. Nilikwenda nyumba ya kufulia. Ilikuwa tupu, kwa sababu ya mvua. Nikaita kwenye kijia cha kwanza, cha pili. Maji yalikuwa yakishuka ukutani na sauti yangu ilikuwa ikirudi imelowa. Nikawaza mitaro, nikawaza barabara kubwa na magari yake. Hapo ndipo nilipomwona askari polisi wetu mpya, kijana aliyeletwa kutoka mbali, amejibanza chini ya upenu wa kibanda, nikamwendea nikamshika mkono.

"Afande, mwanangu, nisaidie. Mama yangu ametoka. Ni mgonjwa, hajanywa dawa tangu jana mchana."

Hakuuliza maswali ya kupoteza muda. Alivuta kofia yake, akanifuata.

Tulianza na fundi viatu. Anakaa kwenye kona ile ile tangu ujana wake, na chumba alichozaliwa kiko nyuma ya kigoda chake.

"Mzee, habari za saa hizi. Kuna bibi amepita hapa?"

"Bibi yupi?"

"Mama Mashuka," nilidakia. "Fundi, ni mimi. Mama ametoka nyumbani."

Fundi alinitazama, akatazama buti za yule kijana, akarudi kunitazama. "Mimi mgeni hapa," alisema.

"Mgeni?" Kijana aliinama kumwona vizuri. "Si wewe uliyenishonea buti hizi juzi?"

"Ndiyo. Nilikuwa nimefika siku hiyo hiyo."

Muuza vifungo alikuwa ameketi dukani kwake akipanga makopo. Naye alikuwa mgeni. Alitushauri tumuulize fundi viatu. Mwoka mikate alifuta mikono kwenye aproni, akafikiri sana, akasema angependa mno kutusaidia ila hajauzoea mtaa. Mama mmoja alifungua dirisha, akaona sare, akafunga dirisha.

"Mama," yule kijana aliniambia, maji yakimdondoka puani, "mtaa huu unakaliwa na nani?"

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Nilirudi na macho yangu kwa fundi viatu, kule kwenye kona, nikamtazama kama ninavyowatazama watoto wanaposema hawajala sukari. Alikuwa amekaa wima, mikono mitupu magotini. Sikuwahi kumwona fundi yule bila kiatu mkononi, hata msibani. Alikuwa ameshika ulinzi.

"Mwanangu," nilimwambia afande, "nisubiri kwa mwoka mikate. Kuna joto pale."

"Utamtafuta peke yako, na mvua hii?"

"Ukiwa na mimi hatapatikana."

Alijitazama kuanzia shingoni hadi kwenye buti. "Ni hizi nguo?"

"Ni hizo. Wewe huna kosa."

Alivua kofia, akaiweka kwapani, akaenda kwa tanuri. Sikuona amechukia. Nilirudi kwa fundi, nikachuchumaa mbele yake.

"Na yule ulimleta wa nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Nilidhani Mama amepotea."

"Hajapotea. Amepita hapa mbio mbio, ameshika kanga zake, ananiambia wapangaji wanakuja, uchochoro mtupu. Nikamwambia pita haraka, mimi naangalia huku."

"Fundi, hakuna wapangaji."

"Najua hakuna." Alinyoosha mkono, akachukua kiatu, akakitazama ndani. "Nilikuwa mtoto wakati ule. Mvua ilikuwa inanyesha hivi. Yule mama alinisukuma nyuma ya rafu akaniambia usilie, nami sikulia. Sasa leo nimwambie anaota? Mimi?" Akaanza kushona. "Nenda kwa Bi Pasi. Pitia nyuma."

Nyumba ya kupigia pasi imeshikana na nyumba ya kufulia. Ni chumba kimoja kirefu, meza pana iliyofunikwa blanketi kuukuu, na rafu kutoka sakafuni hadi darini, zimejaa mashuka ya nyumba za wageni siku hizi, yamekunjwa, yamepangwa, meupe kwa meupe. Bi Pasi alikuwa mezani. Mgongo umepinda lakini mkono unakwenda. Pasi ilikuwa ikipita kwenye kitambaa na mvuke ukipanda, na mvua juu ya mabati ilifanya chumba kizima kionekane kimo ndani ya kitu kingine, mbali sana.

"Bi Pasi, yupo?"

"Nani?"

"Bi Pasi, tafadhali."

"Uko na mtu?"

"Niko peke yangu."

Alisimamisha pasi wima. Alikwenda kwenye rafu ya kona, akaondoa rundo moja, akaliweka mezani, akaondoa jingine. Nyuma palikuwa na giza lenye upana wa mtu aliyesimama upande. Nilikuwa nimeingia chumba kile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikujua kuwa mahali pale bado papo wazi. Bi Pasi aliniona nikishangaa. "Tungepajaza na nini?" alisema.

Niliingia kwa bega. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, kavu, ameviringishwa shuka mabegani. Macho yake yalikuwa ya msichana, yanaangaza.

"Ingia upesi, mwanangu. Vuta miguu. Pumzi zako zipunguze, unapumua kama ng'ombe."

Nilikaa sakafuni, goti langu likigusa lake. Nilimshika mkono. Mshipa ulikuwa ukipiga mbio chini ya vidole vyangu, bila mpango, kama mtu anayebisha mlango mbaya. Nilitoa kidonge.

"Mama, meza hiki kwanza."

"Nani kakupa?"

"Daktari."

"Daktari yupi? Wa kambini?" Alifunga mdomo, akageuza uso ukutani.

"Mama, hakuna kambi. Walishaondoka. Mtoto wako amekuwa mzee, ana mvi, anaendesha lori."

Nilijua nimekosea kabla sijamaliza. Aliniangalia kwa hofu, akajivuta nyuma kadiri nafasi ilivyoruhusu. "Lori," alisema. Kifua chake kikaanza kupanda na kushuka. Nikawaza maneno ya daktari, kuanguka na kutoinuka, na mimi niko kwenye shimo la giza nyuma ya mashuka, na nimemwambia lori.

Mvua ilipiga mabati. Ukiisikiliza vibaya ilikuwa na miguu ndani yake, mingi. Niliisikiliza vibaya, kwa makusudi, kama yeye. Nikanong'ona.

"Ni cha kikohozi."

Aliuelekea ukuta tena.

"Ukikohoa humu, Mama, watatusikia wote."

Aligeuza uso. Alitafakari jambo hilo kwa uzito wake, kama mtu wa kazi anayepewa habari ya kazi. Kisha akafungua mdomo. Niliweka kidonge kwenye ulimi wake, na Bi Pasi, bila kuombwa, alipitisha kikombe cha maji kati ya marundo. Niliangalia koo likishuka. Hakunisubiri nimwambie, alifungua mdomo tena nione.

"Na wewe umemeza?"

"Nimemeza."

"Na mwenzetu huyo mwingine?"

Sikujua ni nani. "Naye amemeza."

Akatulia. Alifungua shuka lake akanifunika upande mmoja, akanivutia kwake mpaka kichwa changu kikawa begani pake. Ninawatazama watu mchana kutwa. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alikiweka kichwa changu mahali namna ile. Mashuka yalikuwa na joto la pasi bado. Kwenye mwanya kati ya rafu mwanga uliingia mweupe, na mvuke ukapita ndani yake, na kwa muda vilionekana kama vivuli vya watu wanaopita polepole upande wa pili. Mama mkwe wangu alivitazama. Mshipa wake ulianza kupunguza mwendo.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kila mtu anaogopa. Wewe kaa tu."

Ndipo buti zilipoingia. Ziliingia kwa adabu, zikajifuta mlangoni.

"Habari za humu, bibi," sauti ya yule kijana ilisema. "Kuna mama mmoja alikuwa anamtafuta mzee wake. Namsubiri kwenye tanuri, naona kimya. Nina wasiwasi naye."

"Humu ni mashuka tu, mwanangu," Bi Pasi alijibu, na pasi ikaendelea kuteleza.

Nilitaka kumjibu. Ilikuwa haki yake, alikuwa amelowa kwa ajili yangu. Nilifungua mdomo. Mama mkwe wangu aliweka kiganja juu ya midomo yangu, bila nguvu yoyote, akaniangalia kama unavyomwangalia mtoto unayemwamini. Nami nikazuia pumzi. Tulisikia buti zikisimama, zikisogea karibu na rafu, zikisimama tena. Kisha zikageuka zikatoka, taratibu kuliko zilivyoingia.

Mvua ilipokatika alitoka mwenyewe, akauliza kwa nini amevalishwa shuka la watu, tukarudi nyumbani ameniegemea. Siku iliyofuata nilikwenda kumwomba radhi yule kijana. Nilimkuta amekaa kwa fundi viatu, buti moja mguuni, nyingine mikononi mwa fundi. Nilianza kumweleza, nikajikwaa katika maneno.

"Usijali, mama," aliniambia. "Niliwasikia."

"Ulitusikia tukisema?"

"Hamkusema kitu. Mlikuwa mnapumua, wawili. Nikajua amepatikana, nikaondoka."